Mke, mama, bibi: wasifu wake uandikwe na nani?

Swali la wiki lilikuwa hili: familia iliyofiwa na mama, aliyekuwa pia mke na bibi, ifanye nini ili maisha yake yakumbukwe ipasavyo? Jibu langu ni la kazi kuliko la faraja. Wahusisheni mume, watoto na wajukuu, kila kundi kwa zamu yake, kwa sababu kila mmoja alimjua kwa upande wake. Wasifu ulioandikwa na mtoto mmoja usiku wa kuamkia maziko humwacha marehemu nusu.

Kazi zenyewe ni mbili, wala zisichanganywe. Wasifu wa kusomwa mazikoni una siku mbili tatu tu. Kumbukumbu kamili yaweza kuchukua mwaka mzima.

Wasifu uanze na tarehe. Wekeni mezani kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha mpige hesabu ya kutoa. Kama kitambulisho kinasema alizaliwa 1952 na kifungua mimba wake ni wa 1964, huenda karatasi mojawapo inadanganya. Mkikosa uhakika, andikeni "mwanzoni mwa miaka ya 1950". Hakuna atakayelalamikia kadirio lililosemwa wazi, lakini tarehe ya kubuni itanakiliwa mpaka kwenye jiwe la kaburi.

Kisha majina, na hapa ndipo familia huumizana. Orodha iwe na watoto walio hai, waliotangulia, na wale aliowalea bila kuwazaa. Wajukuu wahesabiwe kwa majina: kila mzazi aandike wa kwake kwa mkono wake, halafu mtu mwingine ajumlishe. Kabla ya kuchapa, orodha isomwe kwa sauti mbele ya angalau mtu mmoja kutoka kila nyumba. Mtoto aliyesahaulika mbele ya umati hasahau.

Sifa nazo zinahitaji ushahidi. "Mcheshi, mkarimu, mpenda watu" husomwa kwenye kila msiba, na wasikilizaji wameshajifunza kutozisikia. Futeni neno mkarimu, andikeni alimpa nani nini na ilimgharimu nini. Matendo matatu yatosha. Ugonjwa uelezwe kwa sentensi moja, tena ile ambayo mume na watoto wameikubali.

Msomaji anayekwenda taratibu kwenye kipaza sauti humaliza maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo maneno 600 ni dakika 6, na zaidi ya hapo watu huanza kunong'ona. Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba, na sentensi isivuke ukurasa. Nakala ya pili ashike mtu anayesimama jirani na msomaji: kilio kikimkaba msomaji, mwenzake anaendelea palepale bila kutafuta mstari.

Kumbukumbu kamili huanza na mume, lakini si wiki ya msiba. Ngojeni wageni waondoke. Mkimuuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" atawarudishia sifa zilezile za wasifu. Ulizeni mambo ya kushikika: mlipoanza maisha mlikuwa na vyumba vingapi? Pesa alitunza nani? Mkigombana, nani alianza kusemesha mwenzake? Simu ya kurekodia iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, mita moja au pungufu kutoka mdomoni, ikiwa imezimwa mtandao, na feni na redio zimezimwa. Rekodini nusu dakika ya majaribio, msikilize, ndipo mwanze. Dakika 40 zinatosha kwa mzee. Akinyamaza, nanyi nyamazeni. Mara nyingi jambo lenyewe liko nyuma ya kimya hicho, na anayeharakisha swali lingine hulipoteza.

Wajukuu waulizwe mmoja mmoja, kabla hawajasikiana, la sivyo wa pili atarudia ya wa kwanza. Wadogo hukumbuka majina ya utani aliyowapa na namna alivyowakemea, vitu ambavyo watu wazima huviona havina maana. Andikeni kama walivyosema, msiwasahihishe.

Wajukuu wakubwa wana hazina nyingine: sauti yake. Jumbe za sauti alizowatumia kwa WhatsApp bado zimo kwenye simu zao, na hupotea mtu anapobadilisha simu bila kuhifadhi nakala. Zikusanyeni mapema. Laini yake nayo msiiache ife kabla ya kutoa vilivyomo, kwani namba isiyotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Mkiwa na kaseti ya zamani, inakilini kwenye kompyuta mara ya kwanza tu mnapoicheza, maana utepe uliochoka unaweza usivumilie mara ya pili.

Picha skanini kwa nukta 300 kwa inchi, na zile ndogo za pasipoti 600. Iliyogandamana na kioo cha fremu msiibandue. Ipigeni picha kwa juu ya kioo, taa ikitoka pembeni. Mgongoni andikeni majina kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino, ambayo huchora alama hadi upande wa mbele. Mgongo wa plastiki haushiki penseli, kwa hiyo picha hiyo itiwe katika bahasha iliyoandikwa kabla ya kuitia ndani.

Mapishi yake pia yana ugumu wake, kwa kuwa alipima kwa kikombe chake na kiganja chake. Kikombe kijazeni maji, mpime mililita. Kiganja kipimwe na binti aliyezoea kupika naye. Pasipo hivyo "vikombe viwili" havimsaidii mtu yeyote.

Vyote vikae katika nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Na maandishi ya jiwe la kaburi apelekewe fundi yakiwa yamechapwa, si kwa simu wala kwa mdomo. Mtu mmoja ahakiki kila herufi na kila tarakimu, atie sahihi, ndipo fundi aanze kuchonga.