Napuliza Maji Usoni Kutwa, Mbona Uso Unazidi Kupauka?

Nimekulia Tanga, na uso wa mtu wa Tanga hausumbuliwi na ukavu, unasumbuliwa na jasho. Nilihamishiwa Dodoma mwezi wa Juni, na wiki ya pili tu ngozi ikaanza kunivuta. Nikicheka, mashavu yanauma. Asubuhi upepo wa vumbi, mchana AC ya ofisini imeelekezwa moja kwa moja kwenye meza yangu, jioni nikijitazama kwenye kioo naona michirizi myeupe pembeni mwa pua, kama mtoto aliyeogeshwa akasahauliwa mafuta.

Dada wa meza ya jirani akanielekeza duka la vipodozi. Nikanunua chupa ya maji ya kupuliza usoni, shilingi 28,000, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inatia ngozi unyevu. Raha yake usiulize: ubaridi, harufu ya tango, macho yanafunguka saa nane mchana. Dakika kumi baadaye uso umebana kuliko mwanzo. Napuliza tena. Chupa iliisha kabla ya mwezi kwisha, mapauko yako palepale, na sasa mwasho umeongezeka.

Kosa moja lilikuwa langu. Maji yakiachwa juu ya ngozi kwenye hewa kavu yanapaa tu, kama nguo zinavyokauka Dodoma hujamaliza hata kufua zilizobaki. Tanga hewa yenyewe ina unyevu, hayaendi mbio hivyo. Siku hizi napuliza, na kabla uso haujakauka napaka losheni, au matone mawili ya mafuta nikiyakandamiza kwa viganja. Mafuta hayaongezi maji, ila yanafunika yaliyopo. Ndiyo maana ukipaka mafuta kwenye uso uliokauka unang'aa juu, huku ndani bado unavuta.

Kosa la pili lilikuwa la chupa, nami sikuligundua mpaka nilipoigeuza nisome yale maandishi madogo. Viambato huorodheshwa kwa wingi wake: kilicho kingi kinatangulia, mpaka ufike kwa vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Yangu ilianza na Aqua, yaani maji. Sawa. Ya pili ilikuwa Alcohol Denat. Hiyo ni spiriti, na ule ubaridi niliokuwa nausifia ulikuwa wake ikipaa. Ya tatu Parfum, manukato. Kwa ngozi iliyokwisha kuchubuka, hivyo viwili vinatosha kuleta mwasho. Gliserini niliikuta chini kabisa, na lile tango lililochorwa mbele likiwa jirani yake.

Nikikushauri utafute kitu kimoja tu kwenye orodha, tafuta hiyo gliserini, na iwe juu, karibu na maji. Ni ile ile ya duka la dawa, ya bei ya chini, ambayo mama alikuwa anatupaka midomo ikipasuka. Inavuta maji na kuyashikilia. Lakini inayavuta popote inapoyapata. Hewa ikiwa kavu sana na ukaipaka yenyewe bila kuchanganya na maji, inayachota kwenye ngozi yako mwenyewe, na juu ya hapo inanata hadi vumbi lote la njiani linaishia usoni. Kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 100 za maji kinatosha.

Asidi ya hayaluroniki, ambayo chupani mara nyingi utaiona kama Sodium Hyaluronate, nayo inashika maji. Ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila huwekwa kidogo sana na bei hupanda sana. Mfuko ukiwa mwepesi, usihuzunike.

Sasa marashi. Bibi yangu ana mrashi wa shaba wa kunyunyizia wageni kwenye maulidi, na sisi watoto tulikuwa tunajipanga mara mbili ili tunyunyiziwe tena. Shangazi aliye Muscat humletea maji ya waridi ya Jabal Akhdar, milimani Oman, ambako mawaridi huchumwa kati ya Machi na Mei. Yale yanayokenekwa kienyeji yananukia moshi kidogo. Hayo ni maji yaliyopita kwenye ua. Mengi yanayouzwa madukani ni maji, rangi na manukato. Soma: ya kweli yataandikwa Rosa Damascena Flower Water, sio Aqua na Parfum peke yake. Hata hivyo waridi la kweli lina harufu yake ya asili inayowasha baadhi ya watu, kwa hiyo jaribu kwanza nyuma ya sikio, ukae siku moja.

Wapo wanaotengeneza nyumbani, hata mimi nimejaribu. Shubiri niliyoikata uani ilinichoma shingo, kwa kuwa sikuacha utomvu wa njano uchuruzike kwanza. Limau usiliweke kabisa: ngozi yenye limau ikipigwa na jua inaungua na kubaki na mabaka meusi. Tena maji ya nyumbani hayana kihifadhi. Wiki ya pili chupa yangu ilikuwa na utando ndani, mwembamba kama wa kwenye mtungi usiosuguliwa, nami nilikuwa nimeshajipuliza asubuhi ile. Ukitengeneza, chemsha maji, yapoe, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na siku tatu zikipita mwaga.

Na yale yanayoahidi unyevu pamoja na weupe, bila orodha yoyote ya viambato? Rudisha kwenye rafu. Hidrokwinoni na zebaki, vile vya kujichubua, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na muuzaji hawezi kukuandikia kwamba vimo.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga siku nne. Chupa yangu, ya gliserini safari hii, haikutoka kwenye mkoba hata mara moja. Bibi alinipaka mafuta ya nazi mikononi, basi. Wakati wa kurudi tulipopita Gairo, upepo ukiingia dirishani, nikahisi mashavu yanaanza kuvuta. Nikafungua mkoba.