Pweza wa karatasi ya chooni

Dada, umeuliza watoto hapa Dodoma watengeneze viumbe gani wa baharini bila kununua vifaa. Anza na pweza. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, likate kuanzia chini hadi katikati upate vipande 8, kisha zungushia kila kipande kwenye kalamu kijikunje kama mkono wake. Macho ni mbegu za alizeti, huku kwetu hazikosekani. Mwanangu alikata mikono 6, tukarudia kuhesabu pamoja, sasa hasahau. Gundi pika mwenyewe: unga wa ngano na maji, koroga mpaka uji mzito, uache upoe kabisa. Kasa mtoe kwenye trei ya mayai, kikombe kimoja kinatosha mgongo. Mkasi ushike wewe kwa wadogo.