Kifaa cha kusikia kimeshapandikizwa, kazi ndiyo inaanza

Wazazi wenzangu ambao watoto wenu wamepangiwa upandikizaji wa kifaa cha kusikia, nawaandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Binti yangu sasa anaitika nikimwita kutoka uani. Upasuaji huu Muhimbili ulianza mwaka 2017. Zamani ilikuwa lazima mtoto asafirishwe nje.

Kwanza mjue kinachofanyika. Mashine ya kawaida ya sikio hukuza sauti tu. Hiki ni kingine: uzi mwembamba wenye elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutoa umeme, 12 hadi 22 kutegemea aina, huingizwa ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojiviringa kama konokono, nao huusisimua mshipa wa fahamu wa kusikia kwa umeme mdogo. Elektrodi za mlangoni huleta sauti nyembamba, za ndani kabisa sauti nzito. Kwa hiyo mshipa wenyewe lazima uwepo, ndiyo maana picha hupigwa kabla.

Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, kidonda kikishapona. Siku hiyo msitegemee mtoto ageuke mkimwita. Wangu alilia, akakibandua kile kisahani cha sumaku cha kifaa cha nje, kinachonata nyuma ya sikio kupeleka sauti ndani. Bibi yake akasema pesa imepotea. Haijapotea, mama. Ubongo ndiyo kwanza unaonja sauti, na mtaalamu huanza na umeme kidogo, akauongeza kila mnaporudi. Nauli ya Dar iwekeni kando mapema. Kurudi huko ni matibabu, si hiari.

Nyumbani ongeeni, ongeeni sana. Nikikaa kwenye mbuzi namwambia, “Sikiliza, mama anakuna nazi.” Nasimama, kimya. Naanza tena, naye anachungulia sauti inatoka wapi. Redio na televisheni zimeni, kelele humvuruga kuliko inavyotuvuruga sisi.

Halafu kuna jasho letu la Tanga. Kila usiku kifaa cha nje tunakifuta, tunatoa betri, tunakilaza kwenye kopo la mfuniko lenye dawa ya kukausha unyevu. Tukienda Raskazone anakivua kabla hajagusa maji.

Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo asicheleweshwe, koklea inaweza kuota mfupa elektrodi zikakosa njia. Ulizeni na chanjo ya nimokoka, kijidudu kinachoweza kuleta homa hiyo. Na baada ya upasuaji, mtoto akipata homa na shingo ikakaza, hospitali siku hiyohiyo. Mwambieni daktari kuna kifaa chenye sumaku kichwani, kabla hajaandika kipimo cha MRI, kile cha picha kinachotumia sumaku kubwa.