Wachunaji wapya wa Moyowosi, tuanze na koo

Kila msimu wa uwindaji hapa pori la akiba la Moyowosi ni yale yale. Kijana anatoka Kibondo na visu vinang'aa, wiki haijaisha nyati wa mgeni aliyekuja kuwinda ana kovu la koo lisilofichika. Basi sikilizeni, wadogo zetu.

1. Koo. Mnyama akianguka, traka (mfuata nyayo) Mwislamu anataka nyama iwe halali, na kisu kinapita kooni PH (mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni) akiwa bado anapiga picha. Ukimlaumu traka unakosea, maana hakuna aliyemwambia. Swali huulizwa asubuhi gari halijawashwa: hiki kichwa ni cha mabega, yaani cha kutundikwa ukutani na ngozi yake hadi mabegani, au fuvu tu? Kama ni fuvu, chinjeni mnavyojua. Kama ni cha mabega, PH na matraka wamalize mazungumzo hayo kambini, kwa sababu kichwa cha ukutani hutazamwa kwa mbele, na nyati dume mzee nywele zenyewe hana. Mshono utajificha wapi?

Ngozi ya mabega hufunguliwa kwa nyuma. Zungusha kisu katikati ya mbavu, si begani. Ikizidi, fundi wa kutengeneza vichwa vya ukutani atapunguza. Ikipungua hana pa kuongeza. Miguu ya mbele zungushia gotini, pasua kwa upande wa nyuma. Kisha panda juu ya shingo, katikati kabisa, na ukikaribia pembe gawa njia mbili, kila moja iishie kwenye shina la pembe. Makali yatazame juu, kisu kipite chini ya ngozi. Ukikata kwa nje unakata nywele, na nywele za palahala zilizokatwa huonekana hata na asiyejua lolote.

2. Masikio. Hapa ndipo wavivu hujulikana, ila hujulikana baada ya miezi, ngozi ikiwa kwa fundi Marekani na manyoya yananyonyoka. Tenga gegedu na ngozi ya mgongo wa sikio, ligeuze kama soksi hadi ncha. Midomo ipasue kwa ndani, pua vivyo hivyo. Kwenye jicho weka kidole ndani ya kope kikuongoze, usije ukaitoboa.

3. Chumvi. Laini, kavu. Ya mabonge itwangwe kwanza. Kilo moja kwa kilo moja ya ngozi mbichi, isuguliwe mpaka kwenye mikunjo ya midomo. Oktoba kwa joto lile usilaze ngozi bila chumvi eti umechoka. Iweke mahali penye mteremko maji yachuruzike, kesho yake kung'uta, paka mpya. Kivulini, penye upepo. Anayeifunika nailoni anaiozesha. Ikunje ingali inakunjika.

4. Fuvu. Unapolichemsha, maji yasifike kwenye pembe. Nyama ikiachia, epua. Ukiendelea kuchemsha, mifupa ya pua inaanguka ndani ya pipa na utaitafuta kwa mkono. Pembe zikitoka kwenye viini vyake vya mfupa, ziandikie alama ya kushoto na kulia kabla hujaziweka chini.