Niliishia 619

"Shikamoo mwalimu. Nina namba ya tarakimu 10, nataka kujua kama ni tasa. Naanzia wapi?"

Ujumbe huo uliniingia juzi usiku kutoka kwa kijana wa kidato cha tano, na namba aliyoiandika chini yake ilinikata maini: 4,294,967,297.

Naijua. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba za ukoo huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kipeo kikiongezeka mara mbili kila hatua, jumlisha 1) zote ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Inayofuata ndiyo hiyo.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilitaka mkufunzi ajue kwamba hata sisi wa shule za kata tunaweza. Kikokotoo changu cha sokoni kilikuwa cha tarakimu 8, namba haikuingia. Nikanunua kaunta buku, nikagawanya kwa mkono: 3, 5, 7, 11… Usiku wa nne nilikuwa nimeshajaribu namba tasa 113. Nilipomaliza 619 umeme ukakatika, nami nikajiambia basi, hii ni tasa. Asubuhi nikaitangaza ubaoni kwa mbwembwe. Mkufunzi hakunijibu. Alichukua chaki akaandika 641 × 6,700,417, akarudi kuketi. Darasa lilicheka mpaka la jirani wakachungulia.

Baada ya 619 ni 631, kisha 641. Nilibakiza mbili tu! Miaka imepita, bado inaniuma.

Sasa nisikilizeni, vijana. Usitamke "tasa" kabla ya kufika kwenye kipeuo cha pili cha namba unayoijaribu. Hapa ni kama 65,536, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Mimi nilijaribu 113 nikajiona bingwa. Ila msikimbilie kugawanya, huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwanza ichunguzeni namba yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeipasua mwaka 1732, baadaye alithibitisha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Mwanahisabati mwingine, Édouard Lucas, akabana zaidi: kigawe cha 128. Pigeni hesabu: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa. 257 ni ndugu wa ukoo uleule, na ndugu hao hawana kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Inabaki 641. Mgawanyo mmoja, enyi watu, na mimi nilimaliza kurasa za kaunta buku! Ichunguzeni namba kwanza, narudia.

Kijana amenijibu leo asubuhi. Ameshukuru, kisha akaomba inayofuata katika ukoo huo, 2 kwa kipeo cha 64 jumlisha 1, ile ya tarakimu 20. Nimemwambia vigawo vyake vinazidi vigawe vya 256 kwa 1, na kile kidogo kabisa ni 256 mara 1,071, jumlisha 1. Ameniuliza kama nimeupata kwa mkono huo 1,071. Sijamjibu bado.