Semina ya maadili iletwe kijijini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mafunzo ya maadili kwa madiwani na wenyeviti wa vijiji na mitaa yanasaidia. Yanasaidia kidogo, kwa sababu wananchi hawajui viongozi wao wamefundishwa nini.

Semina nyingi hufanyika makao makuu ya halmashauri. Washiriki husomewa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, madiwani wakakumbushwa tamko la mali na madeni, posho ikasainiwa, safari ya kurudi ikaanza. Sina ugomvi na hilo. Ila majaribu ya mwenyekiti wa mtaa hayamo kwenye tamko la mali, yamo kwenye muhuri. Mtu huyu hana mshahara. Watu wanambishia hodi hadi usiku wakitaka barua ya utambulisho ya benki au ya kumdhamini ndugu polisi, na karatasi mara nyingi ananunua mwenyewe. Akipewa elfu mbili "ya wino", anapokea. Kiwanja kikiuzwa, anasubiri asilimia kumi yake, na wanunuzi wengi wanaamini kabisa kwamba ni malipo halali ya serikali! Ukimwambia tu "usipokee zawadi", hujamfundisha kitu. Halmashauri impe karatasi na posho inayofika kwa wakati, kisha imdai uadilifu.

Kijijini ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wanalijua hili vizuri. Asiyelijua ni bibi anayeamka na kukuta mipaka ya mwekezaji imepita malishoni. Sasa nani hasa alihitaji kukaa darasani?

Kwa hiyo mkufunzi aje kwenye ule mkutano mkuu wa kila miezi mitatu, siku mapato na matumizi yanaposomwa (kama yanasomwa). Aseme mbele ya wote huduma ipi ni bure na ipi ina ada yenye stakabadhi, orodha ibandikwe mlangoni pa ofisi, na namba ya TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), 113, iandikwe chini yake. Gharama zitoke kwenye siku za ukumbini zitakazopunguzwa. Akidi isipotimia, jambo la kawaida msimu wa kilimo, arudi baada ya mavuno.

Msomaji, Morogoro