Kwa mnaoanza kazi ya moto kwenye misonobari ya majani marefu

Wadogo zangu mnaokuja kusini-mashariki mwa Marekani kusomea misitu au kuingia kwenye vikosi vya kuchoma misitu kwa makusudi, najua mmetoka nyumbani na somo gani. Aliyewahi kukaa Mufindi, kusini mwa Tanzania, anajua: moto ukiingia shamba la misonobari la Sao Hill, hakuna anayebaki amekaa. Somo hilo, kwamba moto ni adui wa msitu, ni sahihi kwa kule. Huku, kwenye tambarare za pwani kuanzia Virginia hadi mashariki mwa Texas, kuna msonobari wa majani marefu, Pinus palustris, ambao hupotea usipochomwa. Zamani ulitawala kama hekta milioni 36. Shoka, ugemaji wa utomvu, kilimo na nguruwe wanaofukua miche viliupunguza, na kuzimwa kwa moto kukauzuia usirudi. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki takriban hekta milioni 1.3.

Anzeni kwa kuutambua mche, la sivyo mtaukanyaga. Miaka yake ya mwanzo hauna shina la kuonekana. Ni kishungi cha majani marefu kilichokaa chini, na mgeni huapa kwamba ni nyasi. Unaweza kubaki hivyo miaka 2, 5, hata zaidi ya 10 ukibanwa na kivuli. Haujadumaa. Kazi yote iko ardhini, mzizi mkuu unashuka na kunenepa. Moto ukipita, majani ya nje huungua, lakini chipukizi la katikati liko usawa wa ardhi, limefunikwa na kishungi na magamba meupe, na baada ya wiki chache majani mabichi hutokeza. Tena moto huo huutibu: kuna kuvu inayoleta madoa ya kahawia kwenye majani ya miche, na kuteketeza majani yaliyougua ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

Shina likifikia unene wa kama sentimita 2.5 pale linapotoka udongoni, mche hufyatuka. Hupanda wima bila matawi, ukiwa na kichwa cheupe, na unaweza kuongeza mita nzima kwa msimu mmoja. Hapo muwe waangalifu, maana chipukizi limeinuka hadi pale pale ndimi za moto zinapofika, na gome bado jembamba. Eneo likiwa na miche mingi iliyo kati ya goti na kichwa cha mtu, mimi hupendelea moto unaotambaa kinyume cha upepo, siku ya baridi. Wapo wanaosema nachelewesha kazi. Mche ukishapita mita 2 hivi na gome likaongezeka, ubishi huo unakwisha wenyewe.

Kuhusu kinachoungua: majani haya yana urefu wa sentimita 20 hadi 45, hufungana matatu matatu, yana utomvu, na yakianguka hujitundika juu ya nyasi badala ya kulaliana chini. Hewa inapita katikati. Ndiyo sababu moto hutembea vizuri hata siku chache tu baada ya mvua. Mti wenyewe unajiandalia kuni, na ukichomwa kila miaka 2 au 3 moto unabaki mfupi, unarudisha chini mialoni inayotaka kuufunika, na kuacha udongo wazi kwa mbegu zinazoanguka vuli.

Sasa niwaambie kinachoua miti mikubwa, maana hapa ndipo wageni wengi hukosea kuangalia. Wanaangalia ndimi za moto, ilhali muuaji yuko chini, kwenye mboji inayozunguka shina. Mwishoni mwa miaka ya 1920 magari ya kampeni yalizunguka vijiji vya kusini yakionyesha filamu za kuwafundisha watu kuuchukia moto, na sehemu nyingi zikakaa miongo bila kuchomwa. Kwenye shina la kila mti mkongwe kukajengeka tabaka nene la majani, magamba ya gome na mboji, na mti ukapandisha mizizi yake midogo humo kufuata unyevu. Ukichoma mahali hapo mboji ikiwa kavu, moto wa juu utapita ukiwa chini ya goti na kila mtu atapongezana. Kisha mboji inabaki ikifukuta kama kaa chini ya jivu, saa nyingi, pengine siku kadhaa, ikiunguza mizizi na kuchemsha sehemu hai iliyo chini ya gome. Mti utabaki kijani, kisha utakufa mwaka huo au unaofuata, ukiwa na miaka 200 au 300.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, piga magoti, chimba kwa mkono hadi kwenye udongo. Juu pawe pakavu, chini pawe pabichi. Mboji ikivunjika kama unga, ahirisha, hata kama kibali kipo na mafuta yako tayari kwenye kopo. Tabaka la miaka 40 haliondolewi kwa moto mmoja. Lipunguze kidogo kidogo kwa mioto kadhaa. Miti ya thamani kubwa, hasa ile yenye mashimo ya kigogota wa mashavu mekundu, ifyekewe na kuondolewa takataka pembeni, na baada ya moto mtu arudi na maji kwenye kila shina linalotoa moshi. Kigogota huyo hutoboa msonobari ulio hai, kazi ya miaka, hivyo mti mmoja ukifa ndege hupoteza nyumba iliyomchukua miaka kuitoboa.

Majani yaliyobadilika kuwa ya kahawia yasiwatishe. Kama hayakuteketea na machipukizi ni mazima, mti mkubwa kwa kawaida hurudi. Yaliyoteketea kabisa ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Mwisho ni moshi. Mchana hupanda, usiku hewa ikipoa hushuka mabondeni, hukutana na ukungu, na dereva haoni hata taa zake mwenyewe. Gogo likiendelea kufukuta karibu na barabara kuu, lizimwe kabla jua halijazama, na alama za tahadhari ziwekwe barabarani jioni hiyo hiyo.